Pikipiki ya Mjomba Inalia

Kama kawaida tunawaandikia kutoka Minnesota huku theluji imefika magotini. Kila toleo la jarida letu huwa na makala ya visa, ya ada, ya kubeba boksi, na ya namna ya kusonga ugali kwa unga wa Wamexico. Yote ni mambo ya maana na sina ugomvi nayo. Leo naomba nafasi niongelee jambo ambalo sijaliona likiandikwa humu: mlio wa chombo kipya. Nitaongelea pikipiki, lakini mwenye Corolla ya mkopo asifunge ukurasa, na yeye atapata lake.

Swali lenyewe ni hili. Umenunua chombo, umesaini karatasi zote, umekabidhiwa ufunguo. Siku ya tatu unasikia mlio usioufahamu. Unarudi dukani, na mtu wa kaunta anakwambia, "Usijali, zote ziko hivyo." Utajuaje kama anasema kweli, au anataka tu uondoke aendelee na mteja mwingine? Na utauelezaje huo mlio kwa lugha ambayo si ya mama yako?

Nitamtolea mfano Mjomba, kwa ruhusa yake. Si mjomba wangu wa damu. Ni mzee wa Kitanzania anayekaa Savage, mji mdogo kusini mwa Minneapolis, ng'ambo ya Mto Minnesota, na nusu ya wanafunzi wa hapa tunamwita hivyo kwa sababu tumekula kwake. Amefanya kazi kwenye nyumba za kulelea wazee miaka mingi, zamu mbilimbili, akasomesha watoto mpaka wakamaliza. Mwaka jana mwezi wa Aprili, chumvi ya barabarani ilipooshwa na mvua, akatimiza ndoto ambayo alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa mkewe. Akanunua pikipiki mpya ya safari. Bei ilizidi dola 20,000. Nyie mnaojua zamu ya usiku inalipaje, pigeni hesabu wenyewe.

Kwa wasiofahamu, pikipiki ya safari si bodaboda iliyonenepa. Bodaboda zetu nyingi ni za cc 100 mpaka 150, silinda moja, inapozwa na upepo, nguvu inafika tairi la nyuma kwa cheni. Hizi za safari zina injini kuliko gari dogo, maji ya kupozea, kioo kikubwa mbele, masanduku pembeni, redio, na kiti cha abiria ambacho kwetu kingewekwa sebuleni. Maarufu kuliko zote ni Honda Gold Wing, iliyotoka mara ya kwanza kwenye toleo la 1975 na injini ya silinda 4 na cc 1,000. Ya siku hizi ina silinda 6 na cc zaidi ya 1,800, na zipo zenye gia ya kurudi nyuma! Ya Mjomba si hiyo, na jina la kampuni yake naliacha kwa makusudi. Ila ni ya ukoo huo, na badala ya cheni ina shafti, na kwenye tairi la nyuma ina kitu ambacho fundi wa Bongo akikiona ataita difu bila kuuliza.

Kuhusu jina la mji, najua mnacheka. Hata mimi nilipowaambia nyumbani naenda kula Krismasi mahali panapoitwa Savage, dada yangu alitafuta neno kwenye kamusi akanipigia simu usiku. Tulieni. Ni jina la mtu, tajiri Marion Savage, aliyekuwa na farasi wa mbio aliyeitwa Dan Patch. Farasi huyo alipata umaarufu Marekani nzima mwanzoni mwa karne iliyopita, na kijiji kilichokuwa kikiitwa Hamilton kikabadilishwa jina kwa heshima ya tajiri. Dan Patch alikufa tarehe 11 Julai 1916, na mwenyewe akafuata siku ya pili yake. Mke wa Mjomba, tunayemwita Mama, anaijua sana hadithi hii. Kila Mjomba akizidi kushinda gerejini na kitambaa cha kung'arishia, anamkumbusha.

Sasa turudi kwenye milio. Wiki ya kwanza Mjomba alinipigia simu mara nne. Nimelelewa kwenye gereji ya pikipiki Morogoro, chini ya mwarobaini, na watu wa hapa wanajua hilo, kwa hiyo simu za namna hii huwa zinanijia. "We mwanangu, njoo uisikilize. Mimi nimekuwa bwana mifugo wilaya ya Iramba, nimemaliza pikipiki tatu za serikali. Najua pikipiki nzima inavyosema. Hii haisemi hivyo."

Alikuwa anasema kweli, na sababu yake si ngumu. Sikio la Mjomba lilifundishwa na injini ya silinda moja yenye bomba la moshi linalopiga kelele. Kelele ya bomba inafunika kila kitu, na kinachobaki kinafunikwa na cheni. Hapa Marekani shirika la serikali la mazingira, EPA, liliweka kikomo cha kelele kwa pikipiki mpya za barabarani, na tangu mwaka 1986 kikomo hicho ni desibeli 80. Kiwanda kinalazimika kunyamazisha bomba. Ukishanyamazisha bomba, unaanza kusikia mambo ambayo siku zote yalikuwapo: meno ya gia, pampu, vali, feni. Ni kama kuzima redio kwenye nyumba ya kupanga ndipo ugundue jirani anakoroma.

Nilikwenda Jumamosi. Baada ya shikamoo na chai, tukaingia gerejini tukaanza moja moja.

Ukifungua swichi kabla hujapiga stata, kulikuwa na vzzz ya sekunde mbili kutoka chini ya tangi. Hiyo ni pampu ya petroli inajaza presha. Pikipiki za Iramba zilikuwa na kabureta, petroli ilishuka yenyewe kwa mteremko, hakukuwa na cha kulia. Baada ya safari, ukizima, kulikuwa na tik, tik, tik kwa dakika kumi. Hiyo ni chuma cha ekzosi kinapoa na kujikunja. Hata bati la nyumba kwetu linafanya hivyo jua likizama. Tukipita haraka haraka, feni ya rejeta nayo iliwaka yenyewe, Mama akaruka, tukamtuliza.

Mlio uliomuumiza moyo Mjomba zaidi ulikuwa wa gia ya kwanza. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, akibana klachi na kukanyaga gia, kong'! Pikipiki nzima inashtuka. Alidhani kuna jino limekatika. Wenye gari huwa hawaelewi hili, maana klachi ya gari la kawaida iko kavu. Pikipiki nyingi sahani zake za klachi zinaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili ikiwa baridi inakuwa nzito, inazigandisha sahani kidogo, kwa hiyo hata ukibana klachi kuna mzunguko unaendelea kupita. Ndani ya giaboksi ya pikipiki gia zote zimekwisha kushikana muda wote; unapobadilisha gia unasukuma vijino vya pembeni vikaingie kwenye matundu ya mwenzake. Upande mmoja unazunguka, upande wa pili umesimama na una pikipiki ya kilo mia tatu na zaidi nyuma yake. Vikikutana lazima visalimiane kwa kishindo. Oili ikipata joto kishindo kinapungua.

Hapo niseme jambo la pembeni. Wapo wadau waliomshauri aweke oili ya gari, ile inayotangazwa kuwa inapunguza msuguano, eti mlio utulie. Jamani, msifanye hivyo. Dawa zinazopunguza msuguano zinaweza kuifanya klachi iliyolowa iteleze, na klachi inayoteleza wakati unapita lori ni habari nyingine kabisa. Wajapani waliweka kiwango maalumu cha oili ya pikipiki mwaka 1998, kinaitwa JASO, na kwa klachi ya namna hii unatafuta herufi MA kwenye kopo. Kuisoma ni bure.

Halafu kulikuwa na mluzi. Ukiwa barabarani, mzunguko wa injini ukipanda, kunapanda na sauti nyembamba, vuuuuu, kama mbu mkubwa. Kumbukeni gari la gia za mkono linavyolia likirudi nyuma. Mara nyingi ni kwa sababu gia ya kurudi nyuma imechongwa meno yaliyonyooka, wakati zile za kwenda mbele zina meno ya mshazari yanayoingiliana taratibu. Meno yaliyonyooka hayasukumani pembeni, lakini yanapiga mluzi. Pikipiki nyingi zina meno ya namna hiyo kwenye giaboksi, na baadhi hata kwenye gia kubwa inayotoa nguvu kwenye injini kuipeleka kwenye klachi. Mluzi wa Mjomba ulipanda na injini na kushuka na injini. Nikamwambia huo ndio sauti yake ya kuzaliwa, auzoee.

Kufikia hapo nilikuwa upande wa mtu wa kaunta. Milio minne, yote halali. Lakini Mjomba akanyamaza, akanitazama, akasema, "Bado mmoja. Huo hausikiki hapa. Na huo ndio nilioupeleka kwao wakanicheka."

Hebu niwaambie walivyomcheka. Kiswahili chetu kina neno moja kubwa, kulia. Mtoto analia, ngoma inalia, simu inalia, breki zinalia, na pikipiki inalia. Hakuna machozi hapo. Mjomba alisimama kaunta akamwambia kijana wa pale, kwa Kiingereza, kwamba pikipiki yake inalia, kwa lile neno la mtoto aliyeangushwa. Kijana akatabasamu. Akamuuliza inalia kwa huzuni gani. Halafu akamuuliza kama amewahi kuendesha pikipiki kabla ya hii. Bwana mifugo wa Iramba! Kisha ndipo likaja lile jibu, zote ziko hivyo, na Mjomba akarudi nyumbani bila hata karatasi moja kuonyesha kwamba alikwenda.

Sidhani kijana alikuwa mtu mbaya. Anasikia wateja wenye wasiwasi wa bure kutwa nzima, na kama mlivyoona, milio minne kati ya mitano ilikuwa wasiwasi wa bure. Shida ni kwamba jibu lake lilikuwa tayari kabla hajasikia chochote. Na tukio lenyewe halikuwa la mchezo. Mwezi wa Juni Mjomba na Mama walikuwa waende Winona kwenye ubatizo wa mjukuu, kwa barabara ya 61 inayofuata Mto Mississippi, kupita Red Wing, Ziwa Pepin na Wabasha. Mama angekaa nyuma. Difu ikikwama kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, tairi la nyuma linafunga hapohapo, na hakuna klachi ya kubana itakayokuokoa, maana difu iko mbele ya safari kuliko klachi.

Jumapili baada ya ibada tukatoka. Mjomba anaendesha, mimi nimekaa nyuma. Minnesota mtu mzima mwenye leseni kamili halazimishwi kuvaa helmeti, anatakiwa kulinda macho tu, lakini Mjomba alishasema kichwa chake kimegharimu ada nyingi, tukavaa wote. Tukashika barabara za mashamba upande wa Prior Lake, ambako Jumapili kuna mahindi na ng'ombe tu.

Baada ya kama nusu saa nikausikia. Ulianza tulipoachia mafuta kushuka kilima. Ng'wooooo, wa chini, wa kukwaruza, kama mashine ya kusaga iko kijiji cha pili. Ukawa unapanda mgongoni kwangu kupitia kiti zaidi ya kuingia masikioni. Alipoongeza mafuta ukapotea. Alipoachia ukarudi. Siwezi kuficha, mikono ilinitoka jasho ndani ya glavu.

Sasa hapa ndipo kazi ya kuuliza maswali inapoanza, na ndiyo sehemu ninayotaka mkae nayo. Mlio haukwambii unatoka wapi, unakwambia unamfuata nani. Tulipofika maili 45 nikampiga Mjomba bega, akabana klachi, injini ikashuka mpaka ikawa inapumua tu. Ule mluzi wa mbu ukashuka na injini, kwa hiyo ni wa injini. Mkwaruzo ukapungua kidogo lakini haukuondoka. Basi haumfuati injini, unafuata barabara. Tukarudia mwendo uleule kwa gia ya tatu, ya nne, ya tano. Sauti ileile, kimo kilekile. Ungekuwa wa giaboksi, mara nyingi gia moja ingeusema zaidi ya nyingine.

Hapo wengine wangesema ni tairi, na ni kweli tairi nayo inafuata barabara. Lakini tairi hubadili sauti ukitoka kwenye saruji ukaingia kwenye lami, na wala haijali kama umeongeza mafuta au umeachia. Huu ulikuwa kinyume: lami na saruji kwake ni mamoja, mafuta ndiyo yanaubadilisha. Jino la gia lina nyuso mbili. Ukiongeza mafuta unasukumwa uso mmoja. Ukiachia, pikipiki ndiyo inayoisukuma injini, unabanwa uso wa pili. Mlio unaokuja upande mmoja tu ni mlio wa meno. Na meno yaliyobaki baada ya giaboksi ni ya difu.

Nyumbani tukaisimamisha kwa stendi ya katikati, injini imezimwa, gia huru, nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava la difu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, Mjomba akazungusha tairi kwa mkono. Kaka yangu Morogoro hana kifaa kingine cha kupima zaidi ya hicho. Kulikuwa na chembechembe ndani, kama mtu anatafuna mchanga.

Lakini ukweli ni kwamba bado sikuwa na uhakika, na nilimwambia hivyo. Difu za shafti zote huwa na mngurumo kidogo. Hiyo ya Mjomba ndiyo ya kwanza ya aina yake kuisikia maishani mwangu. Ningewezaje kusema imezidi, wakati sijui kiasi chake cha halali? Ndipo Mama, ambaye alikuwa mlangoni anasikiliza muda wote na sahani mkononi, akasema, "Si wamesema zote ziko hivyo? Waambieni wawasikilizishe nyingine."

Tukaandika karatasi. Nilimzuia Mjomba asitumie neno lolote la sauti, si kulia, si kukoroma, si kunguruma. Tukaandika: maili 35 mpaka 50 kwa saa, gia yoyote, wakati wa kuachia mafuta, baada ya nusu saa ya mwendo, haubadiliki kwa klachi wala kwa aina ya barabara, unatoka nyuma upande wa shafti. Juu tukaweka tarehe na maili za odometa. Nakala mbili. Hakuna mzaha unaoweza kufanya juu ya karatasi kama hiyo.

Njiani kwenda dukani tulipita pale Savage ilipokuwapo kambi ya jeshi, Camp Savage, leo watu wanatembezea mbwa hapo na kuna kumbukumbu imewekwa. Toka 1942 mpaka 1944, kabla haijahamishiwa Fort Snelling, kulikuwa na shule ya jeshi ya lugha ya Kijapani. Wanafunzi wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Japani, wengine familia zao zikiwa zimefungiwa makambini wakati huohuo na serikali hiyohiyo. Wengi wao Kijapani cha nyumbani walikuwa nacho, ila kilikuwa cha kuombea chakula na kusalimia bibi. Ikabidi wafundishwe Kijapani cha jeshi: vyeo, silaha, amri, mwandiko wa haraka. Mjomba anaipenda sana habari hiyo. Siku ile aliisimulia tena tukiwa kwenye taa nyekundu, huku karatasi ikiwa mfukoni mwa jaketi lake, na sikuhitaji kuuliza anafikiria nini.

Kijana alikuwa kaunta. Akasoma karatasi mara mbili. Akaanza, "Unajua, zote..." na Mjomba akamjibu taratibu, Kiingereza chake kikiwa kimenyooka kama rula, kwamba anaamini, na anaomba asikie nyingine. Walikuwa nayo moja ya kujaribisha wateja, ya mwaka uleule na aina ileile. Kijana akaenda nyuma, akarudi na fundi, mzee mwenye ndevu nyeupe na oili kwenye kucha, yaani mtu wa kwetu. Fundi hakusema kitu. Alisoma karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaendesha ya kujaribisha, akarudi, akaendesha ya Mjomba. Alichelewa. Mjomba alikuwa anatembea kwenye maegesho mikono nyuma kama yuko kwenye mnada wa ng'ombe.

Fundi aliporudi hakuingia ofisini. Aliiingiza pikipiki moja kwa moja karakana, akatuita kwa kichwa. Akafungua nati ya kujazia oili ya difu. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Alichomeka waya, ukatoka umelowa ncha tu. Akafungua ya chini, kikatoka kidogo mno, cheusi. Nati ya chini ina sumaku. Kwa kawaida chombo kipya kikimwagwa oili mara ya kwanza, sumaku hutoka na ute wa kijivu, laini kama masizi yaliyolowa. Huo ni chuma cha meno yanayozoeana na hauna neno. Hii ilitoka na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha. Fundi aliviweka kwenye kiganja cha Mjomba, kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha chenji.

Pikipiki ilikuwa na maili 540. Bado haijafika hata sevisi ya kwanza, ambayo kwa nyingi za aina hii huwa kwenye maili 600. Difu nzima ilibadilishwa kwa waranti, iliagizwa, ikachukua wiki tatu. Safari hii walitoa karatasi ya kazi, na Mjomba aliisubiri mpaka ikaandikwa malalamiko, kipimo na kilichokutwa. Nawasihi na nyie muwe mnaidai karatasi hiyo hata siku mnapoambiwa hakuna tatizo, tena hasa siku hiyo. Waranti inahesabu siku na maili, na kama lalamiko lako la kwanza halikuandikwa, kwenye kitabu chao hujawahi kulalamika. Nani aliyesahau kujaza oili, kiwanda au duka, hatukuambiwa. Kijana wa kaunta alimwita Mjomba "bwana" mara tatu, na Mjomba alimwitikia mara zote tatu bila kuongeza neno.

Winona walikwenda kwa gari. Mama anasema ulikuwa ubatizo mzuri na hapakuwa na upepo kwenye kilemba chake.

Mwezi wa Septemba ndipo wakaenda kwa pikipiki, njia ileile, majani yameanza kugeuka rangi. Nilikuwa kazini, sikuona. Mjomba alinipigia simu kutoka Wabasha, akaniambia mluzi upo, kong' ipo, tik-tik ipo, na ule mwingine haupo. Difu mpya nayo inanguruma kidogo ukiachia mafuta, kiasi kama cha ile ya kujaribisha. Amejifunza kimo chake, anasema akiamshwa usiku anaweza kukiimba.

Sasa hivi imefunikwa turubai gerejini, betri imechomekwa kwenye chaja, tangi limejazwa na dawa ya kutunza petroli imewekwa, odometa inasoma 3,912. Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Juzi nilikwenda kula, na kabla ya chakula Mjomba akaniita gerejini tukiwa tumevaa makoti, akafunua turubai upande wa mbele, akafungua swichi bila kupiga stata. Vzzz, sekunde mbili, ikanyamaza. Akazima. Mama akatuita, wali unapoa.